Twiga husahauliwa, jongoo hukumbukwa

Pembe nne kubwa zinazopinda juu ya barabara ya Moi Avenue, Mombasa, ni za aluminiamu. Chanzo chake ni mwaka wa 1952, enzi za ukoloni, kwa ajili ya ziara ya Elizabeth, binti wa mfalme wa Uingereza, ambaye alitua Kenya akiwa bintimfalme akaondoka akiwa malkia baada ya babake kufariki. Mtu mzima akifika chini yake hutoa simu akapiga picha. Mtoto wa miaka minne hufanya hesabu. Tembo mmoja ana pembe mbili; hapa ziko nne; basi tembo ni wawili, na wamezikwa humo chini pembe zikabaki nje. Kisha hufuata swali ambalo hakuna mwongoza watalii aliyejiandaa kulijibu: "Sasa wanapumuaje?"

Maswali ya namna hiyo ndiyo mavuno halisi ya likizo za familia Mombasa. Shule zikifungwa, hasa Desemba, kisiwa hujaa wageni wadogo. Wengine hushuka kwenye gari moshi la Madaraka Express, lililoanza safari mwaka wa 2017, wakaingia mjini kutoka stesheni ya Miritini wakiwa wamechoka na kushiba biskuti. Wengine huja kwa mabasi ya usiku, kichwa kikiwa kwenye paja la mama na miguu kwenye begi la jirani. Wengine hawakutoka mbali: ni watoto wa Majengo, wa Tudor, wa Mji wa Kale wenyewe, ambao wamengoja mwezi mzima ahadi ya kupelekwa "kutembea".

Wazazi huwa wameshapanga kitakachowafurahisha. Watoto huwa na mipango yao. Muulize mtoto aliyerudi Nakuru au Machakos ameona nini Pwani, naye hatakutajia kuta za karne ya 16. Atakueleza habari za paka.

Gari moshi lenyewe ni mwanzo mzuri wa vichekesho. Reli hukatiza Tsavo, na mzazi aliyelipa nauli huwa ameshahubiri tangu Nairobi kwamba tembo wataonekana dirishani. Mtoto hukodoa macho Athi River, hukodoa Emali, hukodoa Kibwezi, na kila ng'ombe mwekundu kwa mbali hutangazwa behewa zima kuwa ni simba. Ikifika Tsavo, tembo wamesimama kando ya reli na vumbi lao jekundu mgongoni, yeye usingizi umemchukua zamani. Akiamshwa Mariakani ataambiwa wamepita. Hapo ndipo kilio huanza, na hakinyamazi mpaka aahidiwe bahari. Akifikishwa ufukweni hukimbilia maji, huyachota kwa viganja, hunywa, huyatema, halafu humgeukia babake kwa hasira ya mtu aliyetapeliwa: nani ametia chumvi?

Mombasa kisiwani hakuna bustani kubwa ya michezo yenye lango la dhahabu na treni za kupaa hewani. Kuvuka daraja kwenda Nyali kuna Wild Waters yenye mabwawa na mirija ya kutelezea majini, na maonyesho ya kilimo ya Mkomani huleta bembea na kelele kwa siku chache kila mwaka. Zaidi ya hapo, mji wenyewe ndio uwanja. Na watoto hawajawahi kulalamikia upungufu huo, kwa kuwa wao hawatofautishi kilichojengwa ili wafurahi na kilichojengwa kwa kazi nyingine kabisa.

Chukua feri ya Likoni. Kwa mkazi wa Pwani ya Kusini anayefanya kazi mjini, kivuko hicho ni foleni, jua, msongamano na jicho kwenye saa. Huduma ya feri hapo ilianza mwaka wa 1937, na hadi leo mtu anayevuka kwa miguu halipi kitu. Kwa mtoto, hiyo ni safari ya meli ya bure. Lango la chuma hushushwa kwa kishindo, umati humiminika ndani kwa mbio, injini hunguruma chini ya nyayo, na mara nchi kavu yote huanza kuondoka. Watoto wengi hawaamini kwamba wao ndio wanaokwenda. Husimama wameshika chuma cha pembeni wakitazama ng'ambo, wakatangaza kwa sauti ambayo hata mwenye mkokoteni wa nazi huisikia: "Mama, Likoni inakuja!"

Dakika chache baadaye Likoni imefika, watu wanashuka, na mtoto hataki. Hana shughuli yoyote Likoni. Alichokuja kufanya ni kuvuka, na sasa anataka kuvuka tena. Wapo wazazi waliogundua siri hii mapema: Jumapili isiyo na pesa huwapeleka watoto kivukoni, wakavuka kwenda, wakavuka kurudi, wakanunuliwa muhogo wa kukaanga wenye pilipili na ndimu, siku ikawa imekwisha vizuri. Mzazi asiyejua siri hiyo hutumia maelfu ya shilingi kwa wiki nzima ya hoteli, kisha akaambiwa mbele ya wakwe kwamba kizuri kuliko vyote kilikuwa "ile meli ya watu wengi".

Fort Jesus ni mahali pengine ambapo mzazi huingia na somo, mtoto akatoka na jingine. Wareno walianza kuijenga ngome hiyo mwaka wa 1593 kwa ramani ya msanifu Mwitaliano, Giovanni Battista Cairati. Ilizingirwa na majeshi ya Oman kuanzia 1696 hadi ikaanguka 1698, ikageuzwa gereza na Waingereza kuanzia 1895 hadi 1958, na mwaka wa 2011 ikaingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia. Mzazi mwenye bidii huyasema haya yote akiwa amesimama juani, kidole kikionyesha kuta nene za mawe ya matumbawe. Mtoto wakati huo ameshapanda mzinga na kuukalia kama punda, na anaupiga mateke ili uende.

Waongozaji hupenda kueleza kwamba ngome hiyo ukiitazama kutoka juu ina umbo la mtu aliyelala chali. Maelezo hayo huwavutia sana watu wazima. Kwa watoto huzaa matatizo. Kama ni mtu, kichwa kiko upande gani? Sisi tumeingilia wapi? Na choo je, kiko sehemu gani ya mwili? Mwongozaji mzoefu hujua kwamba mahali hapo inabidi asonge mbele upesi kwenda kwenye chumba kinachofuata.

Lakini hakuna kinachowagusa watoto kama michoro ya Wareno. Karne nne zilizopita, askari na mabaharia waliokaa ngomeni walichora ukutani kwa makaa na rangi nyekundu ya udongo: majahazi, samaki, watu. Sehemu ya michoro hiyo imehifadhiwa na huonyeshwa hadi leo nyuma ya kizuizi, kwa heshima zote za makumbusho. Mtoto ambaye juzi tu amechapwa kwa kuchora ukuta wa sebuleni kwa kalamu ya mama huitazama kwa muda mrefu kuliko kitu kingine chochote ngomeni. Swali lake huwa fupi na lina uzito wa kesi mahakamani: hawa nao walichapwa? Akijibiwa kwamba hapana, na kwamba watu hulipa kiingilio waje kuitazama, mzazi ajue kwamba ukuta wa sebuleni hauna tena mtetezi.

Nje ya ngome, Mji wa Kale una vichochoro vinavyojipinda kuanzia Ndia Kuu hadi bandari ya kale, na katika vichochoro hivyo kuna milango ya nakshi, vibaraza, roshani za mbao na msikiti wa Mandhry ambao umesimama tangu mwaka wa 1570. Pia kuna paka. Wamelala juu ya pikipiki, chini ya meza za samaki, kwenye ngazi za misikiti na ndani ya makarai matupu, na hawamkimbii mtu. Kwa mtoto aliyetoka mahali ambapo paka ni mmoja na hataki kushikwa, mtaa huu ni hazina. Mwongozaji anaeleza maana ya maua yaliyochongwa kwenye fremu, mtoto anahesabu. Wakikutana tena kwa nyanya jioni, kila mmoja ana ripoti yake. Baba atasema wameona milango. Mtoto atasema wameona paka thelathini na mmoja, na mmoja alikuwa na jicho moja, na yule ndiye mfalme.

Wenyeji nao huchangia ucheshi huo bila kukusudia. Muuza kahawa akipita na dele lake akigonganisha vikombe, wageni wadogo hudhani ni muziki wao na huanza kucheza. Wazee wa barazani huwapigia makofi, mmoja hutoa kipande cha halua kilichokuwa kikingoja kahawa, na mtoto akishaonja mara moja huwa ameshafahamu jiografia yote ya mtaa: kesho yake atamkokota mamake hadi kibaraza kilekile, atawasalimia "shikamoo" mara nne mfululizo, na atasimama pale akingoja jibu lenye sukari.

Jua likipoa, familia huelekea Mama Ngina, ambako wenyeji wengi bado wanakuita Lighthouse. Ufuo huo ulikarabatiwa na kufunguliwa upya mwaka wa 2019, ukawekewa mabenchi, njia pana na ngazi za kuketi, ila mibuyu mikongwe iliachwa mahali pake na wauza vitafunio wakabaki na ustadi wao uleule. Jumamosi jioni hapo ndipo utamwona mtoto wa Afrika Mashariki katika enzi yake. Ana mabuyu kwenye karatasi, na mabuyu hayo yametiwa rangi nyekundu ambayo sasa iko mdomoni, mashavuni, mikononi, kwenye kanzu nyeupe iliyofuliwa kwa ajili ya wageni, na kwa sababu ambazo hazikuelezwa, nyuma ya shingo. Mkono mwingine una kiazi karai kilichochovywa kwenye ukwaju. Mama anashika kitambaa. Baba anashika dafu la kila mtu.

Ghafla meli ya makontena hutokeza mlangoni mwa Kilindini. Meli ziingiazo bandarini hupita karibu sana na ufuo huu, kiasi kwamba mtu huweza kusoma jina ubavuni, na kwa mtoto aliyeketi chini ni kana kwamba jengo la ghorofa limeamua kwenda matembezi. Watoto wote husimama na kupunga mikono. Wana hakika kwamba nahodha anawaona, na wana hakika zaidi kwamba amekuja kwa ajili yao. Kisha honi hupigwa. Mashujaa waliokuwa wakipunga mkono hukimbia wote kwa pamoja kurudi kwenye mapaja ya mama zao, viazi vikitapakaa njiani, na kunguru wa Mombasa, ambao wamekuwa wakingoja fursa hiyo tangu alasiri, hushuka kula.

Anayeketi kwenye benchi la Mama Ngina akiyatazama hayo yuko karibu zaidi na historia ya bustani za burudani kuliko anavyodhani. Walt Disney alisimulia kwamba wazo la kujenga Disneyland lilimjia akiwa amekaa benchini katika bustani ya Griffith Park, Los Angeles, akitafuna karanga huku binti zake wakizunguka juu ya farasi wa mbao. Alijiuliza kwa nini pasiwe na mahali ambapo mzazi naye atacheza badala ya kungoja. Bustani yake ilifunguliwa Julai 17, 1955, huko Anaheim, California, na siku hiyo mambo yalienda kombo: watu waliingia kwa tiketi za bandia, visigino vya akina mama vilizama kwenye lami ambayo haijakauka, na mifereji ya maji ya kunywa haikutosha kwa sababu mafundi wa mabomba walikuwa wamegoma. Watoto walioizuru siku hiyo ni wazee leo. Hapana shaka lami hiyo imesimuliwa zaidi ya kasri.

Familia za Mombasa zenye ndugu Ghuba hukutana na hali hiyohiyo kwa gharama kubwa zaidi. Ferrari World ya Abu Dhabi, iliyofunguliwa mwaka wa 2010, ina gari la reli liitwalo Formula Rossa linalofikia kasi ya kilomita 240 kwa saa, na mtoto mdogo haruhusiwi kulipanda hata akilia vipi, kwani urefu wake hupimwa kwanza. Kwa hiyo baba hupanda peke yake, akashuka rangi imemtoka, huku mtoto akimwangalia kwa huruma. Kurudi Mombasa, mjomba akiuliza habari za Abu Dhabi, mtoto ana mambo mawili ya kueleza: kwamba kule kuna ngazi zinazotembea zenyewe, na kwamba baba alitapika.

Mfano bora kuliko yote wa mtoto kuona asichotarajiwa uko Bamburi, katika bustani ya Haller Park. Mahali hapo palikuwa machimbo ya kiwanda cha saruji, jangwa la mawe meupe lililochimbwa likaachwa. Kuanzia 1971, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, René Haller, alijaribu kulirudishia uhai. Miti mingi ilikufa, mivinje ilistahimili. Lakini majani ya mvinje yaliyoanguka hayakuoza, yakarundikana bila kuwa udongo. Aliyeokoa kazi ni jongoo. Majongoo wekundu na weusi waliletwa, wakala majani hayo na kuyageuza mbolea, udongo ukaanza kujengeka, na msitu ukaota juu ya jiwe.

Leo wageni huenda Haller Park kumlisha twiga. Mtoto hupewa punje kiganjani, huinuliwa hadi kwenye ukuta wa jukwaa, na kichwa kikubwa chenye kope ndefu huja juu yake na ulimi mweusi wenye urefu wa mkono. Baba ameandaa kamera. Mama amesema "cheka". Kinachoingia pichani mara nyingi ni viatu vya mtoto akiwa tayari amegeuka kukimbia, na punje zikiwa hewani. Dakika tano baadaye mtoto huyohuyo amechuchumaa njiani kwenye majani makavu, hataki kuondoka, amemgusa jongoo kwa kijiti naye jongoo amejikunja duara. Wazazi humvuta mkono wakimhimiza waende kuona wanyama. Kumbe kati yao watatu, yeye peke yake ndiye anayemtazama mjenzi wa bustani.

Bustani hiyohiyo ndiyo iliyotoa kisa kilichozunguka dunia nzima. Desemba 26, 2004, mawimbi ya tsunami yalipofika pwani ya Kenya, kiboko mdogo alitengana na kundi lake karibu na Malindi akakwama baharini. Watu walimwokoa kwa nyavu na kamba siku iliyofuata, akapewa jina la Owen kwa heshima ya mmoja wa waokoaji, akapakiwa kwenye gari hadi Haller Park. Alikuwa na uzito wa takriban kilo 300 na hasira ya kutosha. Alipofunguliwa alikimbia moja kwa moja hadi kwa kobe mkubwa aliyekisiwa kuwa na umri wa miaka 130, aliyeitwa Mzee, akajificha nyuma yake. Mzee alimpulizia kwa ukali na kujiondokea, jinsi kobe anavyoweza kujiondokea. Owen alimfuata. Siku chache baadaye walikuwa wakila pamoja na kulala pamoja.

Picha yao, iliyopigwa na Peter Greste, ilimfikia msichana wa miaka sita huko New York aitwaye Isabella Hatkoff. Wakubwa waliiona picha hiyo kama habari ya kufariji katikati ya msiba mkubwa. Isabella alitaka kujua zaidi: wanaongeaje, nani alimwambia nani kwamba ni marafiki? Alimsumbua babake, Craig, mpaka wakaandika kitabu wakishirikiana na Dkt Paula Kahumbu, aliyekuwa akiisimamia bustani hiyo, na kikachapishwa mwaka wa 2006. Wazazi walioleta watoto Bamburi miaka hiyo wanajua kilichofuata. Watoto hawakuuliza kuhusu tsunami. Waliuliza kama Mzee alikuwa nyanya au babu.

Siku za Idi, burudani hurudi katikati ya kisiwa. Viwanja vya Makadara hujaa watoto wenye nguo zinazonuka dukani, viatu ambavyo bado vinabana, na pesa taslimu. Pesa hiyo ni mkono wa Idi: mtoto amezunguka tangu asubuhi nyumba kwa nyumba, kwa ami, kwa mjomba, kwa mama mkubwa, akibusu mikono na kupokea noti. Kuna bembea, kuna magurudumu ya kuzunguka, kuna kasri la hewa la kurukia, kuna barafu za rangi zote. Uchumi wa Makadara ni mkali. Mtoto wa miaka mitano hulipia bembea, hushuka, hulia kwa kuwa imesimama, hulipia tena, hulia kwa kuwa imekwenda kasi, kisha hununua puto ambalo hupasuka kabla halijafika langoni.

Mtoto mwangalifu hufanya kosa kubwa zaidi. Humpa mamake pesa amwekee. Katika nyumba za Pwani, "nikuwekee mwanangu isipotee" ni benki ambayo imepokea amana kwa vizazi vingi na haijawahi kusikika ikilipa. Watu wenye ndevu na watoto wao wenyewe bado hukumbusha deni hilo kila Idi, wakitaja kiasi na mwaka, na mama zao hujibu kwa utulivu mkubwa kwamba ile pesa ndiyo iliyowasomesha. Vijana wa Unguja waliokulia kwenye bembea za Mnazi Mmoja wana malalamiko hayohayo.

Inafaa kuuliza: ni nani hasa anayekumbuka vituko hivi? Wataalamu wa saikolojia wanakubaliana kwamba watu wazima wengi hawakumbuki karibu chochote cha kabla ya umri wa miaka mitatu hivi. Mtoto aliyekimbia honi ya meli akiwa na miaka miwili hana kumbukumbu hiyo. Akidai anayo, ni kwa kuwa amesimuliwa. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2000 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Otago, New Zealand, ulilinganisha watu wazima wa asili mbalimbali kuhusu kumbukumbu yao ya mwanzo kabisa. Wamaori, jamii inayothamini sana kusimulia ya kale, walikumbuka mambo ya tangu umri wa takriban miaka miwili na miezi minane kwa wastani. Wenzao wa asili ya Ulaya walianzia takriban miaka mitatu na nusu. Nyumba inayozungumza sana na watoto wake kuhusu yaliyopita huwapa watoto hao mwanzo wa mapema zaidi.

Ila nyumba inayozungumza sana pia hutia chumvi. Mtaalamu wa kumbukumbu wa Marekani, Elizabeth Loftus, na wenzake waliwahi kuwaonyesha watu tangazo la bandia la Disneyland lenye picha ya sungura Bugs Bunny. Baadaye baadhi yao walieleza kwamba walipokuwa watoto walikutana naye huko na kumshika mkono. Hilo haliwezekani: Bugs Bunny ni mali ya Warner Bros, washindani wa Disney, na hangeruhusiwa hata kupita mlangoni. Tangazo moja lilitosha kuwapa watu utoto ambao hawakuwa nao. Sasa fikiria uwezo wa shangazi mwenye sauti nzuri, aliyesimulia kisa cha ngamia wa Bamburi kila Ramadhani kwa miaka ishirini.

Na ngamia wa Bamburi ni mfano unaofaa, kwani ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta una ngamia wanaokodishwa kwa kupanda, wapiga picha wanaokuletea picha iliyochapishwa papo hapo, na maboya ya mipira ya magari kwa wasiojua kuogelea. Karibu kila familia ina kisa cha hapo, na kila kisa hubadilika kila kinaposimuliwa. Katika simulizi ya kwanza ngamia alipiga chafya. Mwaka uliofuata alimpigia mtoto chafya usoni. Kufikia siku ya posa ya mtoto huyo, ngamia alimvua kofia, akaila, akafuatwa hadi kwenye maji na mwenyewe akidai kulipwa.

Ndiyo sababu visa hivi hupata uhai mpya harusini. Bibi harusi amepambwa, mikono imejaa hina, wageni wa upande wa pili wamekaa kwa adabu kwenye mikeka, na mama mkubwa anasafisha koo. Anaanza na ngamia. Bibi harusi, ambaye haruhusiwi leo kusema sana, anasema: haikuwa ngamia, ilikuwa punda, na haikuwa Bamburi, ilikuwa kwa nyanya Mji wa Kale, na aliyelia si yeye, ni kakake. Kakake anakataa. Binamu aliyekuwa na miezi saba wakati huo anajitokeza kuwa shahidi. Mwishowe albamu huletwa kumaliza ubishi, na ukurasa husika unafunguliwa mbele ya wakwe: pichani kuna nusu ya mkono wa shangazi, mabuyu yaliyomwagika, kiatu kimoja, na kwa mbali, nyuma kabisa, mnyama wa miguu minne ambaye pande zote mbili zinadai ni wake.